Vitambaa Vyeupe vya Dereva

Dereva akija msibani, kwanza aliingia kwa wafiwa akatoa pole, akakaa kidogo kwenye benchi na wanaume wenzake, halafu akapotea. Ukimtafuta ulimkuta barabarani kainamia gari la mtu, boneti iko juu imeegemezwa kwa fimbo yake mwenyewe, anafuata kwa kidole mpira mmoja mwembamba kutoka unakoanzia mpaka unakoishia. Mwenye gari akija mbio akidhani ni mwizi wa betri, Dereva wala hakustuka. Alimwuliza tu, "Huu unajua ni wa nini?" Wengi walikuwa hawajui. Basi alitoa mfukoni kitambaa cheupe, akakifunga kwenye ule mpira kwa uangalifu kama anafunga kidonda cha mtoto, akasema, "Huu unatakiwa kudondosha. Usije ukauziba." Kisha alishusha boneti taratibu akarudi kwenye benchi lake.

Vitambaa vile alivitoa kwangu. Mimi ni fundi cherehani, na miaka ile nilikuwa nimeweka cherehani barazani kwa shangazi yangu, kule mtaa wa Nyakato, jirani kabisa na kwake. Na kilichomfanya azunguke mjini na vitambaa mfukoni kilitokana na mkono wangu, huu wa kulia. Nitafika huko. Nataka kwanza umjue mwenyewe, maana watu wakimsimulia siku hizi humfanya kichekesho, na mimi hilo linaniuma.

Hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Dereva, hata kwa mkewe, hata kanisani. Aliendesha malori ya pamba tangu enzi za ushirika, malori yale ya Kiingereza yenye pua ndefu, ambayo ukifungua boneti unaona kila kitu na nafasi ya kulala mbuzi inabaki. Pale kiwandani walikuwa na desturi yao. Jioni malori yakishaondoka kwenye sakafu ya saruji, madereva walipita kuangalia chini. Lori lililoacha alama ya maji au oili, dereva wake alichekwa wiki nzima, na bibi wa mama ntilie alimwekea sahani yake mwisho. Dereva alijisifu kwamba hajawahi kuwekewa sahani mwisho. Kwake yeye kitu kinachodondoka ni kitu kinachoumwa, na dereva anayeacha gari lidondoshe ni mchafu tu, kama mtu anayetembea na kamasi.

Halafu mambo yakabadilika. Wanunuzi binafsi wakaingia kwenye pamba, malori ya ushirika yakaegeshwa mpaka majani yakaota kwenye magurudumu, na mjini yakaanza kumiminika magari madogo ya Kijapani, yaliyotumika huko kwao. Watu ambao baba zao walikufa bila kumiliki baiskeli wakanunua magari. Tajiri mmoja wa sangara wa Kirumba alinunua moja, akampa Dereva aliendeshe teksi. Nakumbuka siku alipolileta nyumbani. Alifungua boneti, akachungulia. Mle ndani mipira ilipishana kama utumbo, mingine minene, mingine myembamba kuliko kidole, mingine inaning'inia tu mdomo wazi, haiendi popote. Kitabu chake kilikuwa cha Kijapani. Dereva aligeuza kurasa mbili tatu, akakirudisha kwenye droo.

"Mwanangu," aliniambia, "gari hili limeshonwa na mtu asiyejua kukata uzi."

Ndivyo tulivyokuwa tunaongea mimi na yeye zamani, kwa utani. Na kila asubuhi nikimsalimia, "Shikamoo, baba," aliitikia kwa kuivuta, "Marahabaaa, mama, marahaba," mpaka shangazi alikuwa anamwiga akiwa ndani. Weka hilo moyoni, litakuja kuhitajika.

Kwa sababu hakuweza kusoma kitabu, baadaye alijitengenezea njia yake ya kuitambua mipira. Alikwenda kwenye gereji moja hapo hapo Nyakato, mzee mzima mwenye mvi, akaomba kukaa kwenye debe na kutazama. Alipeleka michembe ya mkewe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, mafundi wakawa wanatafuna huku wanajibu maswali yake. Alirudi na mambo manne ambayo alikuwa akiyasema kama katekisimu. Fuata mpira mpaka mwanzo wake, usiuhukumu kwa mdomo wake. Gusa uone kama ni moto au baridi. Nusa. Na mwisho weka kadibodi chini, injini ikiwa inanguruma, usome tone. Tone safi lisilo na harufu, linalotoka karibu na miguu ya abiria, ni jasho la kiyoyozi, liache. Linalotoka kwenye kabureta linanuka petroli, hilo mwite fundi leo leo. Na kile kimpira chembamba shingoni mwa rejeta, karibu na mfuniko, ni njia ya maji yanayozidi yakichemka. Hicho kinatakiwa kwenda kwenye kichupa cha pembeni, na kama kichupa hakipo, kinatakiwa kiachwe wazi. Hapo kwenye kimpira hicho sauti yake ilikuwa inashuka.

Rangi za vitambaa nilimchagulia mimi. Cheupe ni mpira wa kuachwa udondoshe. Chekundu ni wa moto, usiguse. Cheusi ukidondosha, nenda gereji. Vijana wa kijiwe cha teksi walimcheka, wakamwita daktari wa mirija. Hakujali. Lakini usidhani alikuwa mpole. Alikuwa mkali, mbishi, na bahili wa maneno mazuri. Mkewe alimpikia sato mzuri wa nazi, mapishi aliyofundishwa na jirani wa Tanga, Dereva akala wote, akasema, "Nazi imezidi." Alihimiza watu wasizibe mipira ya magari, lakini ukimwuliza habari za moyo wake alikujibu kwa kukuuliza mvua kama itanyesha. Mkewe alikuwa anacheka, "Huyu anazibua magari ya watu, mwenyewe kajikaza kama mtungi."

Kisa cha mchungaji ndicho kinachonifanya nimheshimu mpaka leo. Gari la mchungaji wetu lilianza kunuka, zulia limeloa, harufu inakaba koo. Mchungaji akamlaumu mama mmoja wa kwaya, kwamba aliwahi kumpa lifti akitokea soko la Mwaloni na ndoo ya samaki, ndoo ikavuja. Yule mama alikana, lakini neno lilishaenea, akaacha kuja kwaya. Jumapili moja baada ya ibada Dereva akafungua boneti bila kuomba ruhusa. Alifuata mpira wa kiyoyozi mpaka mwisho wake, akakuta umezibwa na bigijii iliyokauka. Maji yote yaliyotakiwa kudondoka nje yalikuwa yanarudi ndani. Alipochokonoa kwa kijiti, yakamwagika mpaka kwenye viatu vyake vya kanisani.

Mchungaji akakiri kwamba aliziba mwenyewe, kwa kuwa watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wanasema gari lake linakojoa. "Basi," akasema, "ni bahati mbaya tu, Dereva. Tumshukuru Mungu tumegundua."

"Bahati haina meno," Dereva akamjibu mbele ya waumini. "Bigijii umetafuna wewe, na kuziba umeziba wewe. Kamwambie yule mama hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo."

Watu waliona amemvunjia mchungaji heshima. Nami nilikuwepo, nimesimama na Biblia yangu, na nilijua kwamba hayo maneno hakuwa anamwambia mchungaji peke yake. Nikatazama chini.

Sasa nifike kwenye mkono. Ilikuwa kabla ya gereji na kabla ya vitambaa, alipokuwa na ile teksi miezi michache tu. Nilikuwa nimeshona gauni la bibi harusi wa Buswelu, kazi yangu ya kwanza kubwa, jeupe, limejaa vifungo vidogo mgongoni. Wakati ule nilikuwa naanza kujulikana kwa magauni meupe. Dereva akajitolea kunipeleka. Tulipopanda kile kilima cha mawe gari likachemsha, mvuke ukaanza kutoka mbele. Akaegesha. Mfuniko wa rejeta hakuugusa, alijua hilo vizuri, aliwahi kuona watu wakiungua enzi za malori. Alitaka tu injini ipate hewa. Lakini kile chuma cha kushikilia boneti kilikuwa hakipo, kilipotea safarini kama kilivyopotea kile kichupa cha maji. Na fimbo alikuwa bado hana. Akaniita nishuke.

"Shika hapa, mwanangu," akasema.

Nikashika boneti kwa mkono wa kulia, na yeye akazunguka nyuma kutafuta dumu la maji. Nikasikia kitu kimetoka, pwa, kama kizibo cha chupa ya pombe ya kienyeji. Maji ya moto yakaruka moja kwa moja kwenye mkono wangu, na mimi sikuuondoa upesi kwa sababu niliogopa boneti isije ikaniangukia kichwani. Hayo mengine siwezi kuyaeleza vizuri. Nakumbuka tu kwamba gauni lilikuwa limening'inia ndani ya gari, safi, halikuguswa na tone.

Kilichotoka kilikuwa kigingi cha mti. Dereva mwenyewe alikichonga kwa kisu chake wiki kadhaa nyuma, akakigongea kwenye kile kimpira cha shingoni mwa rejeta na kukifunga kwa mpira wa tyubu, kwa kuwa kilikuwa kinadondosha na kumchafulia sakafu. Alifanya alichofundishwa maisha yake yote. Alikitafuta pale kando ya barabara mpaka akakiona, akakiweka mfukoni.

Alikuja nacho hospitali. Alisimama miguuni pa kitanda, kigingi kiganjani, akasema, "Hiki nilikiweka mimi." Kwa mwenye teksi alikuwa ameshakwenda nacho, akarudisha na funguo. Yule tajiri akamwambia, ajali haina kinga, mzee, chukua funguo zako. Alikataa. Alikwenda kwa mchungaji, akaambiwa ni mipango ya Mungu. Mkewe akamwambia asijitese. Na mimi pale kitandani, mimi ambaye Nyakato nzima inanijua kwa mdomo, nikafungua kinywa. Nilikuwa na maneno ya kumwambia tayari. Shangazi akanibana bega. Baadaye alinieleza, mtu mzima haambiwi, mtu mzima akija mwenyewe kichwa chini unamstahi. Ndivyo tulivyolelewa.

Nikasema, "Si kitu, baba. Ajali haina kinga."

Nilidhani nimempa zawadi. Nilimwona akiangalia kile kigingi, halafu akakirudisha mfukoni polepole, kama mtu aliyetembea kutoka mbali kuja kulipa, akakuta duka limefungwa.

Nilipotoka hospitali, asubuhi ya kwanza nikamsalimia pale barazani kama kawaida. "Shikamoo, baba." Akasema, "Habari za asubuhi, mwanangu." Nikafikiri hajasikia. Kesho yake vile vile. "Shikamoo." "Umeamkaje?" Miaka ikaenda hivyo. Wengine wote aliwaitikia, hata vichaa wa sokoni. Shikamoo yangu mimi aliiacha imesimama mlangoni. Shangazi alichukia, akasema huyu mzee ana dharau, amtie mtoto kilema kisha asimwitikie salamu. Mimi nilijua si dharau. Alikuwa anaona heshima ile si yake tena, na akiipokea atakuwa ameiba. Nilijua, nikaendelea kusema si kitu, si kitu, kila alipouliza mkono unaendeleaje.

Kila Jumamosi alikuja na michembe kwenye kikapu na kuomba mabaki ya vitambaa. Vyekundu nilikuwa navyo, vyeusi navyo, vya bluu vya sare za shule tele. Vyeupe sikuwa navyo. Ukweli ni kwamba vidole viwili vya mkono huu, gumba na cha shahada, havikurudi. Vinashika, lakini havisikii. Sindano inanichoma sijui, naona damu ikiwa imeshaingia kwenye kitambaa. Kwenye sare ya bluu damu unaifua. Kwenye gauni la harusi, baada ya kuharibu la pili, niliacha. Nikawaambia watu sare zina wateja zaidi. Na Dereva alipohitaji vyeupe kuliko rangi nyingine zote, nilikuwa nakwenda dukani nanunua kitambaa cheupe, nakikatakata, nakichanganya na mabaki mengine ili asijue. Nilijiona nina huruma sana.

Mara ya mwisho kumwona mzima wa kuongea ilikuwa Buswelu, kwa mwanawe wa kwanza, ambaye alikuwa amejenga huko. Mimi nilikuwa nimeshaolewa, niko Kirumba, nina mafundi wanaonishonea. Nikasikia Dereva haoni tena, mtoto wa jicho macho yote mawili, na miguu imevimba. Nikafunga safari, na kwa mazoea tu nikachukua fungu la vitambaa vyeupe.

Nilimkuta kakaa kwenye kiti cha kamba, redio mapajani imezimwa. Aliijua hatua yangu.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Karibu, mwanangu. Kaa."

Tukaongea habari za nyumbani, za mkewe aliyetangulia mwaka uliopita, za bei ya sangara. Nikamwekea lile fungu mkononi. Nilitaka kumfurahisha. Akatoa kitambaa kimoja, akakipitishia vidole pembeni, taratibu, kama alivyokuwa anafuata mipira.

"Kona moja," akasema. "Mbili. Tatu. Nne." Akachukua kingine, akakihesabu vile vile. "Mabaki gani haya, mwanangu, yana kona nne?"

Nikanyosha mkono kuvichukua, akavivuta kwake.

"Mke wangu alikuwa anashona mito. Mabaki najua yalivyo. Yana tumbo, yana mkia, yamekatwa na kwapa la mtu. Vyekundu vyako vilikuwa hivyo. Vyeupe vyako tangu cha kwanza vina kona nne." Akavikunja. "Magauni meupe uliacha lini?"

"Baba, sare ndizo zilikuwa na wateja..."

"Nimekuuliza lini."

Hapo nikakasirika. Sijui hasira ilitoka wapi, mbele ya mzee kipofu, nyumbani kwa watu. Nikamwambia nimeacha tangu alipoziba ule mpira. Nikamwambia vidole viwili havisikii mpaka leo, kwamba mwanangu akiwa na homa namshika shavu kwa mkono wa kushoto ndiyo nijue. Nikamwambia, wewe uliziba kitu usichokijua ili sakafu yako iwe safi, kisha ukaniambia shika hapa, nami nikashika kwa sababu nilikuamini. Nikamwambia michembe yake nilikuwa nawapa kuku wa shangazi, kwamba miaka ya mwanzo nilikuwa nasikia fimbo yake inakuja natamani aanguke. Nililia huku nasema, na sauti yangu ilifika mpaka jikoni, maana mkwe wake alitokea mlangoni, akaona, akarudi ndani.

Dereva hakunikatiza. Alikuwa ameinamisha kichwa upande kama anavyosikiliza injini. Niliponyamaza akauliza, "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Hakuna kilichobaki?"

"Hakuna, baba."

Akaunyosha mkono wake hewani, akanitafuta, akaupata huu wa kulia. Hakuwahi kuugusa tangu siku ile. Akapitisha kidole chake kwenye kovu kutoka linakoanzia, chini ya kiwiko, mpaka kwenye ncha ya gumba, na kule mwishoni mimi sikusikia kitu, nilimwona tu. Machozi yalikuwa yanamtoka kwenye yale macho meupe na hakuyafuta.

"Watu wote waliniambia ni ajali," akasema. "Hata wewe. Nikasema basi, nitakufa hakuna aliyeniambia." Akavuta pumzi. "Hebu nisalimie, mwanangu."

Nilikuwa bado nahema kwa kulia.

"Shikamoo, baba."

"Marahabaaa," akasema, akaivuta kama zamani ile ya barazani. "Marahaba, mama. Marahaba."